Nimealikwa mkesha wa Noeli kwa familia ya huku Tirol. Nijiandae vipi?

KijanaWaKibosho, 2 Desemba

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Nina miaka 23, kwetu ni Kibosho, Moshi. Nipo Austria tangu Februari, nasomea kuwahudumia wazee huku nikifanya kazi katika nyumba ya wazee karibu na Innsbruck, mkoani Tirol. Hii ni Noeli yangu ya kwanza mbali na nyumbani. Mnaoijua Kilimanjaro mnajua Desemba ni mwezi wa kwenda kuhesabiwa. Mabasi yanajaa, kila mtu anarudi kihambani, mbuzi anachinjwa, mbege ipo, watu wanalala hadi jikoni. Mwaka huu mimi sitahesabiwa, na mama kila akipiga simu analirudia hilo.

Sasa mama mmoja ninayefanya naye kazi amenialika kwake tarehe 24 jioni. Anaishi kijiji cha juu mlimani na mume wake, watoto wawili wa miaka 5 na 8, na baba mkwe wake ambaye bado anafuga ng'ombe. Nimefurahi sana. Lakini mfanyakazi mwenzetu mwingine aliposikia alishangaa, akaniambia jioni ile huku mtu haalikwi hivi hivi. Tangu hapo nina wasiwasi wa kuharibu jambo.

Naomba mnieleze: jioni hiyo inaendaje? Nibebe nini, hasa kwa watoto? Halafu mama huyo aliniambia kwamba mwishoni babu anazungusha moshi nyumba nzima mpaka zizini. Nimelelewa kanisani, nikajiuliza kama hayo ni matambiko, na kama ni sawa mimi kuwepo. Na kijijini kwao nimeona mabango yenye picha za watu wenye pembe na meno, wanasema wanakuja tarehe 5. Kuna usalama?

Asanteni mapema.


MtuWaKisumu_Wien, 2 Desemba

Karibu Austria, ndugu yangu. Mimi niko Vienna, na mambo ya mjini si sawa na ya milimani, kwa hivyo nitasema machache.

Nunua kila unachohitaji kufikia tarehe 23. Tarehe 24 maduka yanafungwa mapema mchana, tarehe 25 na 26 ni sikukuu, yote yamefungwa. Mwaka wangu wa kwanza nilibaki na mkate na vitunguu siku mbili. Angalia pia ratiba ya basi la kwenda kijijini, jioni hiyo mabasi hupungua sana. Uliza mapema utarudi vipi ama utalala huko.

Huku kwetu wengi hula samaki aina ya Karpfen siku hiyo, wanamkata vipande, wanamviringisha kwenye unga na mayai na chenga za mkate kisha wanakaanga. Mwenye nyumba wangu wa kwanza alinipa gamba moja la huyo samaki, akaniambia niliweke kwenye pochi mwaka mzima ili pesa isikauke. Bado ninalo.

Kitu kimoja kizuri ambacho wageni wengi hawakijui: tarehe 24 asubuhi nenda stesheni ya treni na taa ya kandili. Kuna moto unaoitwa Friedenslicht, mwanga wa amani. Tangu 1986 mtoto mmoja huuwasha huko Bethlehemu, penye pango la kuzaliwa, unaletwa Austria, halafu unasambazwa nchi nzima kwa treni, kwa maskauti, kwa wazima moto. Ulianzishwa na redio na televisheni ya taifa kule Linz. Unawasha mshumaa wako hapo, unaubeba mpaka nyumbani. Ukifika kwa mtu na huo moto haujazimika, hakuna zawadi ya kuushinda.


BintiNgamiani, 3 Desemba

Marahaba, mwanangu.

Mimi ni wa Tanga, Ngamiani, nipo Tirol tangu 2004. Nilikuja kulea watoto katika nyumba ya wakulima hapa bonde la mto Inn, sasa ni mpishi. Ni Mwislamu, lakini mikesha niliyokaa kwenye meza zao imepita kumi na tano. Nitakueleza niliyoyaona kwa macho yangu.

Nianze na mwaliko. Mwenzako wa kazini amesema kweli. Tarehe 24 wanaiita Heiliger Abend, jioni takatifu, na hiyo ndiyo sikukuu yenyewe. Tarehe 25 ni ya kula na kutembelea ndugu. Sisi kwetu sikukuu ni mlango wazi, mtoto wa jirani anaingia mpaka jikoni na sahani yake. Huku ikifika saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, barabarani hukuti mtu, kila mlango umefungwa, na waliomo ndani ndio hao hao mpaka asubuhi. Mama yule amekuweka ndani ya mlango huo. Nenda kwa saa aliyokutajia, usitangulie wala usichelewe, kwa sababu jioni nzima imepangwa kuwazunguka watoto.

Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Huku mzee mwenye ndevu na nguo nyekundu siye anayeleta zawadi. Anayeleta ni Christkind, Mtoto Kristo, na hakuna anayemwona. Watoto humwandikia barua wakaiweka dirishani usiku, asubuhi haipo. Kuna hata kitongoji cha mji wa Steyr kinaitwa Christkindl, na tangu 1950 kina posta yake maalumu ya msimu huu, inayopokea barua za watoto na kuzijibu. Mtoto wa miaka 5 anaamini haya kwa moyo wake wote. Wa miaka 8 huenda ameanza kushuku, ila anamlinda mdogo wake. Kwa hiyo zawadi ya mtoto usimkabidhi kwa mkono wako. Mpe mama yake kazini siku chache kabla, imefungwa, ataiweka chini ya mti. Na usimwulize mtoto "mama amekununulia nini?" Hajanunua mtu.

Siku hiyo utakuta chumba kimoja kimefungwa. Mara nyingi ni Stube, kile chumba cha mbao chenye jiko kubwa la kuni. Ndani yake mti unapambwa kwa siri, na watoto hawajauona kabisa. Usikifungue chumba hicho hata ukisikia kitu kimeanguka.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilikifungua. Ilikuwa Desemba 2004, Kijerumani changu kilikuwa cha miezi mitatu. Bibi wa nyumba alikuwa ameniambia jambo kuhusu Stube, nikaitikia ndiyo bila kuelewa. Alasiri nikanusa moshi, nikadhani jiko limekosewa, nikasukuma mlango na mtoto mdogo kanishika sketi nyuma. Alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa juu ya kiti, ana nyota mkononi, mti nusu umepambwa. Tulisimama pale sote watatu hakuna aliyesema neno. Mtoto akaanza kutetemeka mdomo.

Bibi yake ndiye aliyetuokoa. Alitoka jikoni, akapita katikati yetu, akafungua dirisha lote, baridi ikaingia na theluji juu yake. Akamwambia mjukuu wake kwa sauti ya chini: Christkind ameshtuka akaruka, mama yako amepanda kitini kumwita arudi, sasa sote tukae kimya jikoni, akisikia kimya atarudi. Tukakaa jikoni. Yule mtoto alikaa kimya saa mbili nzima, mikono kaiweka mapajani, kila mara ananitazama kama na mimi nanyamaza sawasawa. Nililia usiku ule chumbani kwangu kwa aibu. Asubuhi bibi akanipa soksi alizonifumia, hakunikumbusha kamwe. Mtoto mwenyewe sasa ni mtu mzima, na dirisha lile analisimulia yeye.

Jioni yenyewe itaenda hivi, kila nyumba na mpango wake. Alasiri wengi hupanda makaburini kwanza. Kila kaburi lina mshumaa, mengine yana kamti kadogo kamepambwa, na mpiga tarumbeta au wanne hivi wanapiga nyimbo taratibu penye mnara wa kanisa. Ukialikwa kwenda nao, nenda. Mimi mwaka wa kwanza sikutegemea kwamba sikukuu ya kuzaliwa inaanza kwa kusalimia waliokufa, na nilipoona taa zile zote kwenye theluji nilimkumbuka baba yangu kwa namna ambayo sikuwa nimemkumbuka tangu tumzike.

Mkirudi mnakula, na chakula ni cha kawaida kabisa. Huku kwetu Tirol ni supu ya tambi yenye soseji ndani. Usishangae, usiulize nyama iko wapi, nyama ni ya kesho. Mimi hunichemshia samaki wa mtoni. Kuna mkate mweusi mzito wa matunda makavu unaitwa Zelten, na visahani vya biskuti ambazo mama yule ameanza kuzioka tangu Novemba: Vanillekipferl zenye umbo la mwezi mchanga, Linzer Augen zenye jamu. Kila familia ina mkono wake. Sifu hizo biskuti, na usifie kweli, kuna usiku kadhaa wa kazi ya mtu mle ndani.

Kisha kengele ndogo inalia ndani ya chumba kilichofungwa. Hapo hakuna anayesogea mpaka watoto wasogee. Mlango unafunguliwa, taa za umeme zimezimwa, mti unawaka mishumaa. Nyumba nyingi bado zinawasha mishumaa ya nta kabisa, na ndoo ya maji iko pembeni. Watu husimama, husomewa Injili ya Luka, huimba, ndipo zawadi. Usitoe simu kupiga picha hapo, labda wakikuambia.

Ukifika, vua viatu mlangoni, vaa soksi nzima zisizo na tundu, watakupa ndara za sufu. Salimia "Griaß enk", babu atafurahi. Mkigonganisha glasi mtazame mtu machoni, kila mmoja wake.

Ya moshi na ya wenye pembe nitarudi kesho, sasa naingia zamu. Ila moja haliwezi kungoja. Kesho tarehe 4 ni siku ya Mtakatifu Barbara. Tafuta mwenye mti wa cheri, pale kazini kwako bustanini huenda upo, omba ruhusa ukate matawi mawili matatu yenye macho mengi. Kama baridi kali haijapiga bado, yaweke kwenye friza usiku mmoja, tawi linahitaji lidhani majira ya baridi yameshapita. Kisha lilaze ndani ya maji ya vuguvugu saa kadhaa, liponde kidogo mwishoni, liweke kwenye chombo penye joto la wastani, maji ubadilishe kila siku ya tatu. Likitunzwa linachanua tarehe 24. Wanaliita Barbarazweig. Ukienda na tawi lenye maua meupe katikati ya theluji, umefika.


Mtumishi77, 3 Desemba

Kijana, mimi nitasema wazi. Huo moshi ni wa kufukuza mizimu, na hao wenye pembe ni mapepo, hata jina lao huko Tirol ni Tuifl, maana yake shetani. Wengi husema asili yake ni upagani wa kabla ya Ukristo. Kula nao, imba nao, lakini ikifika kwenye moshi aga uondoke. Usiingize roho yako mahali usipopajua.


KijanaWaKibosho, 4 Desemba

Mama wa Ngamiani, asante sana. Nimekata matawi matatu asubuhi kwenye bustani ya nyumba ya wazee. Bibi mmoja mkazi wa chumba cha chini alinielekeza kwa kidole kutoka dirishani tawi lipi likatwe, la kwanza nililotaka akalikataa. Sasa yako kwenye friza, chini ya mboga.

Mtumishi, nimekusikia. Ndilo linalonisumbua. Mama, tafadhali malizia.


BintiNgamiani, 4 Desemba

Mtumishi ana wasiwasi wa mtu anayemjali kijana, namshukuru. Mimi nitaeleza kinachofanyika, kila mtu apime.

Kuna usiku kadhaa kati ya Noeli na tarehe 6 Januari wanaouita Rauhnächte. Wazee huku hawakufichi: walikuwa wanaamini usiku huo mambo mabaya yanatembea nje, na moshi unayazuia yasiingie kwa watu na mifugo. Mzee wa nyumba yangu ya kwanza aliniambia hivyo hivyo. Sasa tazama anachofanya. Nyumba nyingi hufanya tarehe 24, tarehe 31 na tarehe 5 Januari. Anatoa makaa kwenye jiko, anayaweka kwenye sufuria ya chuma yenye mpini. Juu yake anatia ubani, majani makavu yaliyobarikiwa kanisani tarehe 15 Agosti, siku ya Bikira Maria kupalizwa, na vipande vya matawi ya Jumapili ya Matawi. Anatangulia na makaa, anayefuata ana maji ya baraka, wengine nyuma wanasali rozari. Wanapita kila chumba, darini, wanatoka nje, wanaingia zizini. Ng'ombe wote wamegeuza shingo wanatazama. Wakirudi kila mmoja anainamisha kichwa juu ya moshi kidogo, kisha mambo yamekwisha. Sikusikia jina lolote lililotajwa humo ambalo wewe hulitaji kanisani kwenu.

Mimi nilipousikia moshi ule mara ya kwanza nilikaa chini kwenye ngazi. Kile wanachokiita Weihrauch ni ubani, ubani huu huu. Bibi yangu mzaa baba kila Alhamisi jioni alikuwa akitia makaa kwenye chetezo na ubani juu, anapita vyumbani, uani, hadi chumba cha wageni ambacho hakikulala mtu. Ubani unatoka Oman na Somalia, ukaja Tanga kwa majahazi, ukapanda milima hii kwa njia za wachuuzi na makanisa, na mimi nikakutana nao kwenye nyumba ya ng'ombe, mita 1,000 juu ya bahari, theluji mlangoni. Nilipokwenda likizo nilimletea mzee ubani wa dukani kwetu, robo kilo. Aliunusa, akaufunga, akautumia usiku huo tu wa kila mwaka hadi alipofariki.

Kwa hiyo zawadi ya babu umeipata. Ubani mzuri unapatikana Innsbruck, lakini kama kuna mtu anakuja kutoka nyumbani, mwagize. Kwa mama mwenye nyumba, kahawa ya Kilimanjaro, nawe mwenyewe umwambie inalimwa wapi na nani.

Hao wenye pembe. Kesho jioni, tarehe 5, ni mkesha wa Mtakatifu Nikolaus, askofu wa Myra. Nikolaus huja na kofia ndefu ya kiaskofu na fimbo, anawauliza watoto wametendaje, anawapa mfuko wa karanga, machenza na chokoleti. Anaofuatana nao ni Krampus, na ndiyo, huku wengi husema Tuifl. Ni vijana wa kijijini. Barakoa zimechongwa kwa mti, kuna mafundi wanaojulikana kwa kazi hiyo tu, pembe ni za mbuzi, mwili mzima ngozi za kondoo na mbuzi, kiunoni kengele kubwa kama za ng'ombe zinazosikika kabla hujawaona. Ni uzito mkubwa, wanatoka jasho kwenye baridi. Wengine hupiga watu miguuni kwa fimbo za matawi. Simama nyuma ya uzio, usiwashike pembe, na mwenye moyo mwepesi asisogee mbele. Mwaka wangu wa kwanza mmoja alinijia nikajificha nyuma ya gari. Akavua barakoa, kumbe ni kijana wa jirani aliyekuwa analeta maziwa. Akaniomba radhi, akanipa chenza.

Jingine nikuandae, kwa sababu hakuna aliyeniandaa mimi. Mwanzoni mwa Januari watoto wa parokia hupita nyumba kwa nyumba wamevaa kama Mamajusi, wana nyota, wanaitwa Sternsinger. Wanaimba, wanaandika kwa chaki juu ya mlango mwaka na herufi C, M na B, kifupi cha maneno ya Kilatini, Kristo aibariki nyumba hii. Wanachangisha, na chama cha watoto Wakatoliki kimekuwa kikiendesha mchango huo tangu 1954, pesa zinakwenda kwenye miradi Amerika ya Kusini, Asia na Afrika, Afrika Mashariki ikiwemo. Kazi njema. Lakini kulikuwa na desturi ya kumpaka mtoto mmoja rangi nyeusi usoni awe Mamajusi Mwafrika. Januari 2005 nilifungua mlango nikakutana na uso huo wa mtoto wa miaka tisa, anatabasamu, mikono yake myeupe imeshika sanduku la michango. Sikujua niangalie wapi. Parokia nyingi zimeacha, ya kijiji chetu iliacha baada ya sisi wazazi na walezi kuzungumza nao kwa upole. Ukikutana nayo mahali, inaruhusiwa kukuuma, na inaruhusiwa kusema. Mtoto hana kosa. Zungumza na mkubwa.


SistaWaSongea, 6 Desemba

Tumsifu Yesu Kristo. Nasoma Salzburg, nimefuatilia hapa kwa furaha. Nina jambo moja tu, la wimbo.

Kijana, "Usiku Mtakatifu" uliouimba Kibosho tangu utoto ulizaliwa nchi hii, mwendo mfupi wa treni kutoka ninapokaa. Maneno aliandika padre kijana Joseph Mohr mwaka 1816 akiwa Mariapfarr, milimani. Alikuwa mtoto wa mama fundi wa kufuma na askari aliyetoroka jeshi, akalelewa kwa shida. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Napoleon, na mwaka ule majira ya joto hayakuja, mazao yakaharibika kwa baridi. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Desemba 1818, akiwa Oberndorf kando ya mto Salzach, alimpa maneno hayo mwalimu wa shule Franz Xaver Gruber ayatilie sauti. Usiku huo huo wakauimba wawili hao, Mohr akipiga gitaa lake. Hadithi kwamba gitaa lilitumika kwa sababu panya walitafuna kinanda cha kanisa mtaisikia sana, lakini ilitungwa baadaye.

Na ulisambazwa na watu wa Tirol, kwa hiyo familia iliyokualika itajivunia. Karl Mauracher, fundi wa vinanda kutoka bonde la Zillertal, aliuchukua akaupeleka kwao, na familia za waimbaji wa bonde hilo zikatembea nao Ulaya, hadi New York mwaka 1839. Mohr alikufa 1848 bila mali.

Kanisa lile halipo tena, mafuriko ya Salzach yalilichosha wakalibomoa. Mahali pake kuna kikanisa cha pembe nane, kidogo sana. Mwaka jana tarehe 24 jioni nilisimama nje yake kwenye umati, kila mtu anaimba kwa lugha yake. Mimi niliimba kwa Kiswahili, na mzee aliyekuwa kando yangu akanyamaza kunisikiliza ubeti mzima.

Jua kwamba huku hawauimbi kabla ya tarehe 24. Madukani utausikia, lakini majumbani na makanisani wanauweka. Kwenye Misa ya usiku huwa wa mwisho, taa zimezimwa. Jifunze ubeti wa kwanza kwa Kijerumani, uimbe nao. Wakikuomba wa kwenu, uwe tayari.


KijanaWaKibosho, 27 Desemba

Shikamooni tena. Nimerudi zamu leo, nikasema nisilale kabla sijawaandikia.

Matawi mawili hayakufanya kitu. La tatu, lile alilolichagua bibi wa chumba cha chini, lilifungua maua manne tarehe 23 usiku. Nililibeba kwenye basi ndani ya koti. Mama mwenye nyumba alipoliona aliita watu wote waje mlangoni, mimi bado nimevaa viatu. Ndugu wa Vienna, moto wa amani nilijaribu, ukazimika kituo cha pili cha basi, nikarudi kuuwasha upya, ukafika.

Chumba kilikuwa kimefungwa kweli. Mtoto mdogo alinionyesha mlango kwa kidole akaweka kidole hicho mdomoni. Nikamjibu hivyo hivyo. Tulikaa jikoni tukila supu, na kila kitu kikigonga nje ananitazama. Kengele ilipolia alinipa mkono wake nikamwingiza mimi.

Waliniomba niimbe. Niliimba beti zote ninazozijua, sauti ilikatika ubeti wa pili, yule wa miaka 8 akaendelea na sauti bila maneno mpaka nikapata tena.

Sista, Misani taa zilizimwa kama ulivyosema.

Mtumishi, niliomba ushauri pia kwa paroko wetu wa nyumbani kwa simu, akaniambia niende nikasali. Nilikwenda. Babu alinipa nibebe ubani kwenye bakuli, yeye makaa. Zizini kuna ng'ombe kumi na mmoja. Alisimama katikati, akataja kwenye sala majina ya waliolala ndani ya nyumba usiku ule, akaanza na mjukuu mdogo. Langu alilitamka vibaya, akasimama, akaniuliza, akalirudia mara tatu mpaka likakaa sawa, ndipo akaendelea.

Nilimpigia mama Kibosho asubuhi nikamweleza hilo la majina. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza huyo babu anaitwaje, naye amtaje.


BintiNgamiani, 27 Desemba

Alhamdulillah, mwanangu. Tawi usilitupe, maji yakibadilishwa linafika Januari. Na tarehe 31 na tarehe 5 babu yule anarudia moshi. Ukiwa huna zamu, panda tena huko juu, magoti yake na ile sufuria ya chuma hayapatani.